Mtu na Ukurasa Wake

Mwanzoni mwa Novemba 2016, kampuni ya bima ya Admiral ya Uingereza ilikuwa imekamilisha maandalizi ya huduma mpya kwa madereva vijana. Kijana angekubali kompyuta isome alichoandika na alichokipenda kwenye Facebook, nayo ingekisia kama ni dereva wa tahadhari au wa fujo. Akionekana wa tahadhari, angepunguziwa bei ya bima. Dalili zenyewe hazikuhusu magari hata kidogo. Mwenye kuandika sentensi fupi na za uhakika, mwenye kupenda orodha, mwenye kuagana na rafiki zake wakutane saa fulani mahali fulani badala ya "jioni jioni hivi", huyo alihesabiwa kuwa mtu wa utaratibu. Mwenye kumwaga alama za mshangao na kuandika "daima" na "kamwe" kila mara alihesabiwa kuwa anajiamini kupita kiasi, na barabarani anayejiamini kupita kiasi ni hasara kwa bima. Huduma haikuanza kama ilivyopangwa. Facebook waliizuia dakika za mwisho, wakisema kanuni zao haziruhusu habari za watumiaji kutumika kuamua nani anastahili nini.

Ni rahisi kucheka. Lakini watu wa bima hawana mazoea ya kuchezea fedha zao, na waliokuwa wakikisia hivyo hawakukisia kutoka hewani.

Mada ya mhadhara huu ni imani iliyokuwa nyuma ya mpango ule, kwamba anachobandika mtu mtandaoni humtoa alivyo, hata pale anapodhani anazungumzia ugali na mpira tu. Imani hiyo ina ushahidi, tena mwingi kuliko wanavyodhani wanaoibeza. Ina pia mipaka ambayo wanaoiuza hawapendi kuitaja. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba machapisho husema kweli juu ya umati na hubahatisha juu ya mtu mmoja, na matatizo huanza pale kilichopimwa kwa maelfu kinapotumika kumhukumu mmoja.

Kutafuta hulka ndani ya maneno kulianza zamani kabla ya intaneti. Mwaka 1884 Mwingereza Francis Galton alipekua kamusi ya visawe na kukadiria kwamba lugha yake ina maneno yasiyopungua elfu moja ya kueleza tabia za watu. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert wa Marekani walipitia kamusi kubwa ya Webster wakatoka na maneno karibu 18,000. Wazo lilikuwa jepesi: jambo lenye uzito katika maisha ya watu haliwezi kukosa jina. Waliowafuata walitumia miongo kadhaa kuyachuja na kuyapanga mafungu maneno hayo, hadi wakabaki na mizani mitano ambayo leo ndiyo inayotumika zaidi katika saikolojia: uchangamfu wa kutafuta watu, ukunjufu kwa wengine, utaratibu na bidii, wasiwasi wa moyo, na udadisi wa mambo mapya. Hakuna anayewekwa ndani ya fungu moja kama samaki gulioni. Kila mtu yuko mahali fulani kwenye kila mzani, na wengi wako katikati.

Kilichobadilisha mambo ni programu iliyoitwa myPersonality. David Stillwell aliitengeneza mwaka 2007, akaiweka Facebook, na watu wakaipenda kwa sababu ile ile inayowafanya wasome nyota zao gazetini: iliwaambia wao ni watu wa namna gani. Hadi ilipofungwa mwaka 2012, watu zaidi ya milioni 6 walikuwa wamejibu maswali yake, na sehemu kubwa waliruhusu kurasa zao zitumike katika utafiti. Kwa mara ya kwanza watafiti walikuwa na dodoso la hulka mkono mmoja na maisha ya mtandaoni ya mtu huyo huyo mkono wa pili, kwa mamilioni.

Mwaka 2013 Michal Kosinski, Stillwell na Thore Graepel walichapisha matokeo yaliyowashtua hata wasiojali mambo ya faragha. Walichukua laiki za Wamarekani zaidi ya 58,000, bila sentensi yoyote waliyoitunga wenyewe, wakaiachia kompyuta. Ikiwekewa watu wawili, mmoja Mmarekani Mweusi na mwingine Mweupe, ilijua yupi ni yupi mara 95 katika kila 100. Mfuasi wa Democrat na mfuasi wa Republican iliwatenganisha mara 85. Mwanamume anayependa wanaume ilimtambua mara 88, ingawa watu wa kundi hilo waliobonyeza kurasa zinazolitaja jambo hilo waziwazi hawakufika 5 katika 100. Yaani walitambulika kwa muziki, vipindi vya televisheni na vitu vingine ambavyo hakuna anayeona haja ya kuvificha. Tanzania, Kenya na Uganda ni nchi ambazo mwenendo huo unaweza kumfikisha mtu mahakamani, kwa hiyo namba hiyo si ya kuchezea.

Hulka ilikuwa ngumu zaidi kuipata kuliko chama cha siasa. Udadisi ulisomeka vizuri kiasi, uchangamfu ukafuatia, na mizani mingine mitatu ikabaki nyuma. Kilichobaki midomoni mwa watu, hata hivyo, ni habari ya viazi: kupenda ukurasa wa viazi vya kukaanga vilivyojikunja kulikwenda pamoja na akili nyingi. Hakuna aliyesema viazi vinaongeza akili. Jambo la namna hii hutokea pale watu wanaofanana wanapofuatana mtandaoni na kupitishiana vitu. Na mara tu habari ya viazi ilipotoka magazetini, kila aliyeitaka sifa hiyo aliweza kuubonyeza ukurasa ule, na dalili yenyewe ikapoteza maana.

Watu wa pwani wana njia ya kulielewa hili bila kompyuta. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyochapwa juu yake. Mwanamke anayenunua kanga Kariakoo, Darajani au Biashara Street kule Mombasa hakuyatunga maneno hayo. Ameyachagua miongoni mwa mamia, kisha akachagua siku ya kuivaa na mlango wa kupita nayo. Akiulizwa atasema alipenda rangi. Jirani haamini. Laiki ni uchaguzi wa namna hiyo, na kufowadi ni uchaguzi wa namna hiyo, na stetasi ya WhatsApp iliyonakiliwa kutoka kwa mtu mwingine, aliyeinakili kwa mwingine, bado ni ya aliyeiweka.

Lakini mfano wa kanga unaonyesha pia kasoro ambayo Kosinski na wenzake hawakulazimika kukabiliana nayo. Kanga ya mafumbo ina anayelengwa. Stetasi ya mafumbo nayo inaye: wifi, mkwe, mke mwenza, mfanyakazi mwenzake, mpenzi wa zamani ambaye inajulikana wazi kuwa ataifungua. Kompyuta inayoisoma kama dalili ya mtu mwenye ghubu inaweza kuwa imesoma ugomvi wa wiki mbili, na ugomvi una watu wawili. Wanaojua kisa wanafasiri vizuri kwa sababu wanajua kisa, si kwa sababu maneno yenyewe yanatosha.

Mwaka 2015 Wu Youyou, Kosinski na Stillwell walikwenda mbele zaidi. Waliwashindanisha wanadamu na kompyuta katika kumsoma mtu. Kwa laiki 10, kompyuta ilimshinda mfanyakazi mwenza. Kwa 70, ilimshinda rafiki au mtu wa kuishi naye chumba kimoja. Kwa 150, ilimshinda ndugu. Kwa 300, ilikuwa inashindana na mume au mke. Vichwa vya habari vilijiandika vyenyewe: Facebook inakujua kuliko mkeo.

Hapo inafaa kutulia. Kipimo cha usahihi kilikuwa kiasi gani makisio yalilingana na majibu ambayo mtu mwenyewe aliyajaza kwenye dodoso la maswali 100. Rafiki na jamaa walijibu dodoso fupi la maswali 10 tu. Zaidi ya hapo, mshindi ni yule aliyekubaliana na maoni ya mtu juu ya nafsi yake. Mume akisema "mimi ni mtu mpole sana" na mkewe akajaza kinyume, katika utafiti huu mke ndiye aliyekosea. Wanawake wengi walioolewa wangeomba rufaa.

Namba yenyewe pia ina unyenyekevu zaidi kuliko vichwa vya habari. Kwenye kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kujua kila kitu, kompyuta ilipata wastani wa 0.56 na wanadamu 0.49. Katika sayansi ya tabia hiyo ni alama ya kujivunia. Ila ukiigeuza kuwa hesabu ya tofauti kati ya watu, 0.56 inaeleza chini ya theluthi moja ya tofauti hizo. Theluthi mbili zilizobaki ziko nje ya laiki, mahali ambapo maisha mengi ya mtu hupita.

Baada ya laiki ni maneno yenyewe. Mwaka 2013 kundi lililoongozwa na Andrew Schwartz wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilichambua maneno, vifungu na mada milioni 700 kutoka kwa watu 75,000 waliotumia programu ile ile ya Stillwell. Hawakuanza na orodha ya maneno ya kutafuta. Waliyaacha maneno yajitokeze. Wachangamfu waliandika sana habari za sherehe na kuwaambia watu wanawapenda. Wakimya walijulikana kwa kompyuta, intaneti na katuni za Kijapani. Wenye wasiwasi mwingi waliandika kwamba wamechoka na jambo hili au lile, kwamba wako wapweke. Waliotulia moyoni waliandika habari za michezo. Wasio na utaratibu walitukana zaidi.

Msikilizaji anaweza kusema haya angeyajua bila dola moja ya utafiti. Ni kweli kwa mengi. Yanayostaajabisha ni yale yanayokwenda kinyume na hisia. Kwa mfano, karibu kila mtu anaamini kwamba mwenye majivuno hujitaja mno: mimi, mimi, mimi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani na Ujerumani wakiongozwa na Angela Carey walikusanya sampuli 15 zenye watu 4,811 wakatafuta uhusiano huo. Haukuwepo. Wenye majivuno hawakujitaja zaidi ya wengine. Wanaojitaja zaidi, kwa tafiti kadhaa zilizofuata nyayo za mwanasaikolojia James Pennebaker wa Texas, ni wenye huzuni na mawazo, ingawa hata hapo uhusiano ni mdogo. Mtu mwenye maumivu huangalia yanapouma. Maneno haya madogo ndiyo yanayovutia wataalamu kwa sababu mwandishi hayachungi. Anachunga picha, anachunga kipi akiseme na kipi akifiche, wala hahesabu amejitaja mara ngapi.

Sasa jaribio hilo liletwe Kiswahili. Neno kuu la kujitaja la Kiingereza limesimama peke yake, lina herufi moja, na programu yoyote inaweza kulihesabu. Mswahili anasema "nimechoka" na nafsi yake imo tumboni mwa kitenzi. Programu inayotafuta "mimi" haitaiona. Itaona tu zile mara anaposema "mimi" kwa kujitofautisha na wengine, jambo ambalo ni tofauti kabisa. Akikanusha, "ni" inageuka kuwa "si". Akiandika haraka, "ninakwenda" inakuwa "naenda". Vijana wanaandika "cjui", "nmefika", "2po". Halafu kuna mwenye kujieleza kana kwamba ni mtu mwingine: "mwenzenu leo amekoma". Kuna mwenye kusema "tumechoka" akiwa peke yake kitandani. Na juu ya yote hayo, mwandishi wa Nairobi huanza kwa Kiswahili, akapita kwenye Sheng, akamalizia kwa Kiingereza, yote katika mstari mmoja.

Haya yanaweza kufundishwa kwa mashine. Kazi imeanza: mwaka 2023 watafiti wa Kiafrika na wenzao walitoa mkusanyiko wa AfriSenti, wenye twiti zaidi ya 110,000 katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zikiwa zimepimwa na wazungumzaji kama zina hisia chanya, hisia hasi au haziko upande wowote. Lakini hisia za twiti moja ni jambo moja, na hulka ya mtu ni jingine.

Kwamba lugha na jamii hubadilisha dalili si dhana tena. Mwaka 2024 jarida la chuo cha taifa cha sayansi cha Marekani lilichapisha utafiti wa watu 868, Weusi na Weupe, wote wakizungumza Kiingereza, wote wakiwa Wamarekani. Kujitaja kulihusiana na sonona kwa Weupe tu. Kwa Weusi uhusiano haukuonekana. Mashine za kutambua sonona zilifanya vibaya kwa Weusi hata zilipofundishwa kwa maandishi ya Weusi peke yao. Ikiwa dalili inakwama mtaa mmoja hadi mwingine ndani ya nchi moja na lugha moja, mwenye kuichukua nzima nzima na kuipeleka Mwanza au Kisumu anatakiwa aeleze sababu yake.

Wala si dalili tu. Ile mizani mitano yenyewe inayumba. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walichunguza madodoso yaliyotumika katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati wakakuta kwamba mara nyingi maswali hayakupima kilichokusudiwa. Moja ya sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: mtu anapoulizwa uso kwa uso na mgeni, huelekea kukubali. Watafiti waliofanya na Wamaasai kazi ile ya Galton, yaani kuanza na maneno ya Kimaa yenyewe badala ya kutafsiri ya Kiingereza, hawakupata mafungu matano yanayolingana sawasawa na yale ya vitabuni.

Huzuni inastahili muda zaidi, kwa sababu hapo ndipo faida ya elimu hii inapoonekana wazi, na hatari yake pia. Mwaka 2018 Johannes Eichstaedt na wenzake walisoma machapisho ya Facebook ya wagonjwa 683 waliofika idara ya dharura ya hospitali moja kubwa ya mjini nchini Marekani na kukubali kurasa zao zilinganishwe na faili zao. Wagonjwa 114 walikuwa na sonona iliyoandikwa na daktari. Kwa maandishi ya kabla ya siku ya kugunduliwa tu, kompyuta iliwatambua kwa usahihi unaokaribiana na ule wa madodoso ya kawaida ya uchunguzi, na ishara zilianza kuonekana hadi miezi mitatu kabla. Mwaka mmoja nyuma, Andrew Reece na Christopher Danforth walikuwa wametazama picha 43,950 za Instagram za watu 166. Waliowahi kuugua sonona waliweka picha zenye giza zaidi, kijivu zaidi na rangi ya buluu zaidi, na walipotumia kichujio walipendelea kile kinachofuta rangi zote.

Miezi mitatu ni muda wa kutosha kumpigia mtu simu. Katika nchi ambazo daktari mmoja wa magonjwa ya akili huhudumia mamia ya maelfu ya watu, si haki kulidharau jambo hili.

Ila fikiria wakati wa msiba Afrika Mashariki. Amefariki mtu mtaani, na kabla ya jua kuzama picha za wasifu za watu 40 zimegeuka kuwa mshumaa unaowaka gizani. Kwenye stetasi ni picha ya marehemu, rangi imeondolewa. Wengi wao hawaumwi. Wengine hawakumjua marehemu vizuri. Wanatimiza wajibu, na asiyetimiza ndiye atakayesemwa. Vivyo hivyo "Alhamdulillah" na "Mungu ni mwema" chini ya kila picha: programu iliyofundishwa kwa Kiingereza cha Marekani itadhani imempata mtu mwenye shukrani za pekee, kumbe imekutana na adabu. Na wapo wenye kurasa ambazo si zao kwa maana ya moyo. Muuza mikoba wa Instagram pale Dar es Salaam, anayeandika kwa furaha kila asubuhi kwamba mzigo mpya umeingia na bei ni DM, anauza. Furaha hiyo ni sehemu ya duka. Kurasa za wasanii wakubwa wa Bongo Fleva huendeshwa na menejimenti, na anayedhani amesoma hulka ya msanii amesoma hulka ya kijana wa ofisini.

Kimya nacho hupotoshwa. Kwa mashine, mtu asiyebandika kitu kwa siku tano amejitenga. Inawezekana bando limeisha. Inawezekana simu ni ya watu wawili. Uganda mwaka 2018 ilianza kuwatoza watumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku, kodi iliyodumu hadi 2021 ilipobadilishwa na kodi ya asilimia 12 kwenye data. Aliyeacha kuandika Julai 2018 hakubadilika hulka. Aliangalia mfuko wake. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na watu wamefikishwa mahakamani kwa walichoandika. Mwenye kutumia ukurasa wa mtu kupima ujasiri wake angehitaji kwanza kujua gharama ya ujasiri huo anapoishi.

Binadamu wanaosoma kurasa za wenzao wanafanyaje? Vizuri kiasi, katika mambo fulani. Mitja Back wa Ujerumani na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti wa kurasa 236 za vijana wa Marekani na Ujerumani. Wageni waliozitazama waliwaona wenye kurasa jinsi walivyo, si jinsi walivyotamani kuwa. Uchangamfu na udadisi vilionekana vizuri zaidi. Wasiwasi wa moyo haukuonekana. Hilo lina uzito kwa kila mzazi anayedhani kwamba picha za mwanawe chuoni zinamwambia mtoto yuko salama: anachokiona kwa usahihi ni kwamba mtoto ana marafiki.

Waajiri ni habari nyingine. Chad Van Iddekinge na wenzake waliwapa maafisa wa ajira kurasa za Facebook za wanafunzi waliokuwa wakimaliza chuo, wakawaomba wawapime. Baadaye waliuliza wakubwa wa kazi jinsi vijana hao walivyofanya. Alama za maafisa hazikuhusiana na utendaji kazini hata kidogo. Zilichofanya ni kuwapendelea wanawake kuliko wanaume, na Weupe kuliko Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Ofisi nyingi za Nairobi na Dar es Salaam zinapitia kurasa za waombaji kazi leo, na zinaamini zinafanya uchunguzi wa busara. Ni umbeya uliovaa tai.

Hoja ya umati na mtu mmoja haionekani wazi popote kama katika kisa cha Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa. Mwaka 2014 Aleksandr Kogan, mhadhiri wa Cambridge, alitengeneza programu yake ya dodoso. Watu wapatao 270,000 waliipakua. Kwa kanuni za Facebook za wakati ule, kila aliyeipakua alifungua pia mlango wa marafiki zake, na Facebook baadaye walikadiria kuwa habari za watu hadi milioni 87 zilichukuliwa na kuifikia kampuni hiyo. Machi 2018 Christopher Wylie, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, alieleza kila kitu kwa magazeti ya Observer na New York Times, na televisheni ya Channel 4 ikaonyesha video za siri. Katika moja ya video hizo mkuu mmoja wa kampuni alijigamba kwamba waliendesha kampeni zote mbili za Uhuru Kenyatta, ya 2013 na ya 2017, kuanzia sura ya chama hadi hotuba. Chama cha Jubilee kilisema kampuni ilihusika katika kukijengea sura tu.

Watu wengi Kenya walibaki na hofu kwamba kuna mtu aliyesoma mioyo yao kupitia simu. Ukweli unaoweza kuthibitishwa ni wa kawaida zaidi. Kampuni yenyewe, ilipokuwa inajitangaza, ilijisifu kwa uchunguzi wa maoni wa watu 47,000 nchini humo, yaani kazi ya kuuliza maswali kama ifanywavyo na watu wengine. Kamishna wa habari wa Uingereza, baada ya kupekua kompyuta za kampuni hiyo kwa muda mrefu, aliandika Oktoba 2020 kwamba mbinu nyingi walizotumia zilikuwa za kawaida, zinazopatikana kwa yeyote. Facebook walilipa: pauni 500,000 Uingereza, na mwaka 2019 dola bilioni 5 Marekani.

Je, ina maana kulenga watu kwa hulka ni porojo? Hapana. Sandra Matz na wenzake walionyesha mwaka 2017, kwa matangazo yaliyofikia watu zaidi ya milioni 3.5, kwamba tangazo la vipodozi lililotungwa kwa mchangamfu na kupelekwa kwa wachangamfu lilileta manunuzi hadi asilimia 50 zaidi ya lile lisilolingana na mtazamaji. Walitumia laiki tu. Kwa mwenye duka hiyo ni fedha nyingi. Lakini wengi wa walioliona tangazo hawakununua chochote, liwe limelingana nao au la. Mfanyabiashara hana haja ya kumjua mteja mmoja, tuseme Asha. Anahitaji tu Asha elfu kumi, na wanane wa ziada kati yao wakinunua, amefaulu. Akikosea juu ya Asha mwenyewe, Asha hapungukiwi kitu: ameonyeshwa wanja asioutaka.

Bima ikikosea juu ya Asha, Asha analipa zaidi. Mkopeshaji akikosea, ananyimwa mkopo. Programu za mikopo ya simu zilizoenea Kenya tangu katikati ya miaka ya 2010 zimewahi kuwapima wakopaji kwa kilichomo kwenye simu zao, pamoja na ujumbe mfupi na orodha ya majina, na machapisho ya mtandaoni ni malighafi ya aina hiyo hiyo. Tofauti kati ya tangazo na uamuzi ndiyo inayopaswa kulindwa.

Sheria zimeanza kuiona tofauti hiyo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Kamishna wa Data wa Kenya ameshaonyesha kuwa ana meno: Septemba 2023 aliitoza klabu moja ya burudani ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja bila ridhaa yake, na siku hiyo hiyo akaitoza shule moja zaidi ya mara mbili ya hizo kwa picha za watoto. Hizo ni kesi za picha, na picha ni rahisi, kwa sababu aliyebandikwa anajiona. Aliyepimwa hulka hajioni popote. Anapata jibu tu kwamba ombi lake halikufaulu.

Kifungu cha 35 cha sheria ya Kenya kinamgusa huyo. Kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na pale uamuzi wa namna hiyo unapotolewa, aliyeutoa anatakiwa kumjulisha kwa maandishi. Aliyeamuliwa anaweza kudai uamuzi uangaliwe upya, au utolewe mwingine usiotegemea mashine tu. Sheria ya Tanzania nayo ina kifungu kuhusu maamuzi ya mifumo inayojiendesha. Ombi la uamuzi kuangaliwa upya linaweza kuanza na barua inayotaja uamuzi, tarehe yake na kifungu, na nakala ibaki kwa mwombaji.